Juzuu 41 za mkono mmoja, na zile zilizofuata

Msomaji ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nimeisoma Berserk kwenye simu mpaka sura ya 364. Rafiki yangu ananiambia niishie hapo, kwa sababu Kentaro Miura amefariki na zinazofuata zimechorwa na watu wengine. Mambo matatu yananitatiza. One Piece ilianza 1997 na imeshapita juzuu 100, lakini Berserk ilianza 1989 na haijafika hata 50, kwa nini? Halafu nasikia kuna sura ya 83 ambayo haimo kwenye vitabu, ilifichwa? Na kubwa kuliko yote: nikinunua juzuu ya 42, ninanunua Berserk au ninanunua kitu kingine kilichopewa jina lake?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza swali la tatu kana kwamba limesimama peke yake, kumbe majibu ya yale mawili ya kwanza ndiyo yanayolijibu. Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Berserk na One Piece ni manga, yaani hadithi za michoro za Kijapani, na manga nyingi hazizaliwi zikiwa vitabu. Zinazaliwa ndani ya majarida manene ya karatasi hafifu, yanayobeba hadithi nyingi kwa pamoja, ambayo watu huyasoma kwenye treni na kuyaacha. Sura zikishajaa kiasi cha kitabu ndipo zinakusanywa na kuchapishwa upya kwenye karatasi nzuri, katika kitabu kidogo wanachokiita tankobon. Hiyo ndiyo juzuu unayoijua wewe. Kwa hiyo kila sura inachapishwa mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili mwandishi ana nafasi ya kurekebisha mchoro, kubadili neno, hata kuondoa kitu kabisa. Lishike hilo, tutalirudia.

Miura alizaliwa Chiba mwaka 1966. Mwaka 1988 alichapisha hadithi fupi ya majaribio kuhusu Guts, mtu mwenye upanga mkubwa kupita kiasi na mkono wa chuma. Mwaka uliofuata, 1989, hadithi yenyewe ikaanza rasmi katika jarida la kila mwezi la Animal House, la kampuni ya Hakusensha, na juzuu ya kwanza ikatoka Novemba 1990. Animal House haikudumu. Mwaka 1992 nafasi yake ikachukuliwa na Young Animal, linalotoka mara mbili kwa mwezi, na humo ndimo Berserk imeishi mpaka leo. Ukiangalia sura za miaka ile ya mwanzo utaona hazina namba za kawaida. Zimeandikwa A0, B0, C0 na kuendelea, na namba 1 inakuja baadaye, hadithi ikiwa imeshakwenda mbali. Wasomaji wengi wa kwenye simu hudhani ni kosa la aliyezipakia. Si kosa, ni alama iliyobaki ya enzi ile ya kwanza.

Sasa swali lako la kwanza. One Piece inatoka katika jarida la kila wiki, Shonen Jump. Berserk ina jarida la mara mbili kwa mwezi. Piga hesabu: hata Miura asingekosa toleo hata moja, angetoa sura 24 kwa mwaka, na juzuu moja inabeba sura kama kumi hivi. Maana yake juzuu mbili kwa mwaka, na kidogo. Na ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia Novemba 1990 mpaka mwishoni mwa mwaka 2000 zilitoka juzuu 20. Kwa hiyo anayesema Miura alikuwa mzembe tangu mwanzo hajaangalia tarehe. Katika miaka ile kumi, iliyobeba habari yote ya Kundi la Mwewe, lile kundi la askari wa kukodiwa, urafiki wa Guts na Griffith, kiongozi wa kundi hilo, na siku ile ya Kupatwa kwa jua ambayo hakuna msomaji anayeisahau, alikwenda kwa kasi ambayo jarida lake liliiruhusu.

Mwendo ulibadilika baadaye. Juzuu 21 zilizofuata zilichukua zaidi ya miaka 20. Juzuu ya 37 ilitoka 2013, ya 38 ikangoja mpaka 2016. Katikati hapo alichora hadithi nyingine fupi, Gigantomakhia, lakini hiyo peke yake haielezi pengo la miaka mitatu. Kinachoeleza ni mkono wake.

Chukua ukurasa wowote wa vita wa juzuu za thelathini na kitu, uusogeze karibu na macho. Angalia vazi la chuma la Guts. Weusi ule si rangi iliyomwagwa. Ni mistari myembamba ya wino, mamia kwa mamia, imelazwa mmoja baada ya mwingine, ikapishana na mingine iliyolala upande, mpaka chuma kikapata uzito. Sogea nyuma kwenye umati wa askari: kila mmoja ana kofia yake, ana uso wake, na farasi wake amekanyaga ardhi inayoonekana. Mchoraji mwingine angeweka vivuli vitatu na wingu la vumbi, na msomaji asingemlalamikia. Miura hakuweza kujifanyia hivyo. Alipohama kutoka kalamu na karatasi kwenda kuchora kwenye kompyuta, watu walitegemea ataongeza kasi. Ikawa kinyume, kwa sababu kompyuta inamruhusu mchoraji kukikuza kipande kidogo cha picha mpaka kijaze skrini, na yeye akikikuza alikuta bado kuna nafasi ya kuweka kitu.

Mimi sikuwa na subira wakati ule. Guts na wenzake walipanda meli kwenda kisiwa wanakoishi majini, wale viumbe wa ajabu, na ile safari ya melini ikachukua miaka, kwa maana ya miaka ya kalenda. Nilikasirika kama walivyokasirika wasomaji wengi duniani. Leo nikizisoma zile juzuu mfululizo, safari inapita kwa jioni mbili, na kurasa za bahari ni miongoni mwa nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Ucheleweshaji umefutika, michoro imebaki.

Tuje kwenye sura ya 83. Haikufichwa, ndugu yangu, na hakuna serikali wala mhariri aliyeikata. Ilichapishwa wazi katika Young Animal mwaka 1996, katikati ya tukio la Kupatwa. Ndani yake Griffith anakutana ana kwa ana na nguvu iliyo chini ya kila kitu, nguvu inayosuka bahati za wanadamu, na anazungumza nayo. Sura za wakati ule zilipokusanywa kuwa juzuu ya 13, Miura mwenyewe aliomba hiyo isiingie. Sababu yake ilikuwa ya kifundi: sura ile inaeleza mno. Msomaji akishaambiwa mapema hivyo mwanzo wa uovu wa dunia ile ni nini, hadithi imeshawekewa ukuta, na yeye alikuwa bado ana njia ndefu ya kwenda. Ndiyo maana kwenye kitabu unatoka 82 unaingia 84, na namba ikaachwa pengo.

Utaikuta ikizunguka mtandaoni, na sitakukataza kuisoma. Ila isome ukijua kwamba mwandishi aliitoa mezani. Nadhani alifanya sawa. Katika kitabu, Griffith anashuka katika giza na sisi hatusikii lolote. Tunamwona tu anavyorudi. Ukimya ule unatisha kuliko maelezo yoyote. Na zaidi ya hapo, sura ya 83 inatufundisha kitu kitakachotufaa mbele: kwa Miura, neno lililotamkwa jaridani halikuwa neno la mwisho. Neno la mwisho lilikuwa kitabu.

Tarehe 6 Mei 2021 Miura alifariki ghafla, akiwa na umri wa miaka 54. Mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, aota, ulichanika ndani. Habari zilitolewa tarehe 20 mwezi huohuo. Nakumbuka nilisoma tangazo lile mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea kusoma. Sura ya 364 ilitoka Septemba 10 mwaka huo, ikiwa imekamilishwa na wasaidizi wake, katika toleo la Young Animal lililobeba pia salamu za rambirambi za wachoraji wenzake. Umeshaisoma, kwa hiyo unajua inaishia wapi: yule mtoto wa mwezi mpevu, na anayeonekana pale alfajiri inapoingia. Disemba 24 ikatoka juzuu ya 41, na hapo ikawa kimya.

Sehemu hii ndiyo rafiki yako hakukusimulia. Miura alikuwa na rafiki wa tangu shule ya sekondari, Kouji Mori, naye mchoraji wa manga, ambaye kazi zake zimewahi kutoka katika Young Animal lilelile. Mori ameeleza hadharani jinsi jambo lilivyokwenda. Karibu miaka 30 kabla, Miura alimwita wajadiliane kuhusu hadithi. Alidhani ni mazungumzo ya siku moja, akajikuta amefungiwa kazini kwa mwenzake karibu wiki nzima. Walipomaliza, hadithi ilikuwa imeshapangwa mpaka sura ya mwisho. Mori anasema kilichomshangaza ni kwamba kwa miaka yote iliyofuata hadithi ilikwenda vilevile ilivyopangwa katika siku zile, karibu bila kubadilika.

Kwa hiyo mwaka 2021 mtu mmoja alikuwa anajua mwisho, na hakuwa na karatasi mkononi. Alikuwa na kumbukumbu. Angeweza kunyamaza nayo. Juni 2022 akatangaza kwamba hadithi itaendelea, michoro ikifanywa na Studio Gaga, yaani wasaidizi wa Miura, na yeye akiwa msimamizi. Akajiwekea masharti mbele ya wasomaji: atasimulia yale tu ambayo Miura alimwambia. Hataongezea nyama kwenye mifupa. Jambo ambalo halikumbuki vizuri, hataliweka. Tarehe 24 mwezi huohuo sura mpya zikaanza, na juzuu ya 42 ikatoka Septemba 2023.

Sisi tuliokulia katika lugha hii tunakifahamu kitu cha namna hiyo kuliko tunavyodhani. Tendi zetu ndefu za pwani zilitufikia kwa mikono ya wanakili na kwa vifua vya watu waliozihifadhi, na msomaji makini siku zote aliuliza, huyu aliyepokea alipokea kwa nani, na alikuwa mwaminifu kiasi gani? Hayo ndiyo maswali ya kumuuliza Mori. Kuuliza kama yeye ni Miura hakutufikishi mbali. Hajawahi kudai hivyo.

Na Studio Gaga nao si watu waliookotwa barabarani baada ya msiba. Mwaka 2019, Miura akiwa hai, ilianza hadithi nyingine iitwayo Duranki, ambayo yeye aliitunga na wao wakaichora. Ndiyo kusema alikuwa ameshaanza kuwakabidhi kalamu mwenyewe. Duranki ilikatika alipofariki, na juzuu yake ya kwanza ilitoka siku moja na juzuu ya 41 ya Berserk. Ukipata nafasi iangalie, utaona mikono ileile iliyochora juzuu ya 42 ikifanya kazi chini ya macho ya bwana wao.

Linganisha na wengine. Takao Saito, aliyeanzisha Golgo 13 mwaka 1968, alijenga karakana tangu mapema: mmoja anaandika, mwingine anachora silaha, mwingine mandhari. Julai 2021 hadithi hiyo ilifika juzuu ya 201 na kuvunja rekodi ya dunia. Saito alifariki Septemba ya mwaka uleule aliofariki Miura, na Golgo 13 ikaendelea bila kutikisika, kwa sababu alitaka iendelee na mashine ilikuwa tayari. Yoshito Usui wa Crayon Shin-chan alifariki 2009, na mwaka uliofuata wasaidizi wake wakaendeleza kwa jina lililoongezewa neno "mpya" mbele, ili msomaji asichanganywe. Upande mwingine yupo Osamu Tezuka, ambaye 1989 aliacha kazi kadhaa zimekatika katikati, na zimebaki hivyo.

Berserk haifanani sawasawa na yeyote kati ya hao. Haikuwa karakana kama ya Saito. Wasaidizi walikuwepo, lakini ilikuwa kazi ya jicho moja lililokataa kuridhika. Ndiyo maana uamuzi wa kuendelea ulikuwa mgumu, na ndiyo maana nauheshimu.

Sasa nikujibu waziwazi, maana uinunue au usiinunue ni pesa yako. Juzuu ya 42 ni Berserk kwa hadithi, na si Berserk ya Miura kwa utunzi. Vitabu vyenyewe vinakwambia hivyo. Weka ya 41 na ya 42 pamoja uangalie majina. Ya 41 ina jina moja. Ya 42 inamtaja Miura kama mwenye kazi ya asili, Studio Gaga kama wachoraji, Mori kama msimamizi. Ukiisoma kwa jicho la kuwinda kasoro utazipata. Mistari ipo, chuma kina uzito, lakini mpangilio wa kurasa unakimbia. Miura angekaa juu ya uso wa Guts kwa kurasa nne, akimwacha asiseme neno. Wao wanatoa ukurasa mmoja na kusonga mbele. Mwanzoni nililiona hilo kuwa udhaifu. Nilipokumbuka masharti ya Mori nikalielewa vingine: hayo mapumziko, hayo macho, ile pumzi kati ya tukio na tukio, ndizo nyama ambazo aliahidi hatazibuni. Anatupa mifupa kwa sababu mifupa ndiyo aliyokabidhiwa. Mtu angeweza kutudanganya kwa uzuri zaidi, na hakufanya hivyo. Mimi ninazo za 42 na 43, zimekaa kwenye rafu ileile na zile 41, ila nimeacha nafasi ndogo kati yao.

Rafiki yako akiamua kuishia 364, usimbishie. Ni mahali pa heshima pa kusimama. Wewe ukitaka kujua Guts anafika wapi, ushuhuda pekee uliopo ni huu, na aliyeutoa anastahili kuaminiwa.

Ombi langu moja: ukipata uwezo, toka kwenye simu. Miura alichora picha nyingi zinazochukua kurasa mbili zilizokabiliana, na simu huzikata katikati, ukaona nusu ya joka kisha nusu nyingine. Kwa Kiingereza kampuni ya Dark Horse ya Marekani imekuwa ikitoa juzuu moja moja tangu 2003, na tangu 2019 inatoa toleo kubwa la jalada gumu lenye juzuu tatu ndani ya kitabu kimoja. Ni kizito, hukisomi ukiwa umelala chali, unakilaza mezani na kukifungua kutoka kulia kwenda kushoto kama kilivyo cha Kijapani. Bei si ndogo. Wanafunzi wangu wanne walichangishana wakanunua kimoja, wanakipokezana kwa zamu ya wiki mbilimbili, na mpaka leo jalada halijachubuka.

Na ukishapata vitabu, usitoke 41 ukaingia 42 moja kwa moja. Rudi kwanza kwenye juzuu ya 14. Humo imechapishwa ile hadithi ya majaribio ya mwaka 1988. Michoro yake bado ni ya kijana, mikono haijakaa sawa, na Miura mwenyewe aliwahi kusema kwamba alipoanza hakuwa anajua hasira ya mtu wake inatoka wapi. Alilivumbua hilo baadaye, akiwa anaendelea kuchora. Lakini upanga upo, umeshazidi ukubwa wa mtu aliyeubeba, na kila mstari humo ni wake.